Plagi Nasor Alizosema Kazitoa

Nnaikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, miaka ya tisini ikimalizikia, kwenye kiwanja cha mbio za gari nje kidogo ya Muscat. Nilikuwa kijana. Skuli niliikimbia mapema, lakini injini nikiisikiliza hujua inaumwa wapi.

Gari tulizoshindana nazo zilikuwa na umbo la faiba la kipande kimoja. Unalifunua kama kawa juu ya sinia, ndani unaikuta injini, na dereva nyuma yake. Zote zikinywa spiriti, na juu zina pampu kubwa ya kusukuma hewa. Ami Khalfan, ndugu yake baba, mwenye gereji Hamriya, akataka kuingiza namna nyengine: injini isiyo na pampu, mafuta yanapulizwa kwenye kila silinda, na mafuta yenyewe ni nitro. Wakubwa wa mashindano wakaja kuitazama. Ikiwaka vizuri, tunaruhusiwa. Isipowaka, gari yetu inarudi Hamriya kuwa pambo.

Nitro ile ilinishughulisha. Moto si lazima upate hewa? Basi hii inakuja na sehemu ya hewa yake tumboni. Moshi wake unaliza kama kitunguu, na mimi nikizidi kuusogelea. Nikimuuliza Ami hili na lile mpaka akasema, "Wewe usitafutiwe mke. Ushaposa."

Tukaiwasha. Ikakohoa, silinda moja haikushika, tukaizima. Hapo pana ada yake, mwanangu. Nitro isiyowaka hubaki silindani, na majimaji hayabanwi. Ukiwasha hivyo hivyo, injini inapasuka. Lazima utoe plagi zote, uizungushe mpaka iteme mafuta yote chini, ndipo uzirudishe.

Tumeshika spana, Ami akaita kahawa. Kwetu mgeni hanywi peke yake, wala hatakiwi kungojeshwa. Halwa ikafunuliwa, mimi nikaambiwa nimimine kahawa. Aliyeachiwa plagi ni Nasor, mtoto wa shangazi yangu. Namtaja kwa jina kwa sababu mpaka leo hajanitaka radhi.

Niliporudi nikamkuta kaegemea tairi, anatafuna halwa.

"Plagi ushazitoa?"

"Nshazitoa, nshazirudisha."

"Mbona chini pakavu?"

"Jua hili limekausha, yakhe. Au wataka nikuletee mashahidi?"

Wageni waliokuwa karibu wakacheka. Nikacheka nao. Na Sudi, dereva wetu, alikuwa kakaa ndani ya gari muda wote ule. Aliona kuwa hakuna plagi iliyoguswa, akanyamaza, maana Nasor rafiki yake. Funika kombe mwanaharamu apite; wakafunika, na aliyekuwa akipita ni mimi.

Nikainama kushika mkono wa kufungulia mafuta. Wakawasha. Mlio sikuusikia. Nilichokiona ni umbo la faiba likiruka juu kama karatasi, na hedi, kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, iling'oka ikaondoka na vidole vyangu vya mkono wa kulia. Sudi katoka mzima.

Ami Khalfan alikuja hospitali, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulikwenda kutazama?"

"Nasor kanambia, Ami."

"Nimekuuliza macho. Sikukuuliza masikio."

Maneno yale yaliniuma kuliko jeraha. Niliona pakavu, nikajua maana yake, nikaogopa kuchekwa.

Injini ile ilikataliwa. Ilikuja kukubaliwa baadae, miaka ya elfu mbili, kwa sharti: anayewasha ndiye anayetoa plagi, watu wakiona, na kahawa hainywewi mpaka kazi iishe. Na nani aliyeiendesha siku ilipokubaliwa? Nasor. Sasa anakaa Qurum, na barazani kwake husema nitro ni shetani, ndiyo iliyonikata. Nitro haikusema uongo, mwanangu. Siku hiyo ya Nasor nilikuwepo pia, machozi yananitoka kwa moshi, nasogea nione inavyowaka.

Basi shika hili. Udadisi wako usiuache kwa haya. Ukiona pakavu panapotakiwa kuwa maji, inama uguse, hata kama wageni wamesimama na kahawa inapoa. Anayekucheka leo hatakukatia nyama kesho kwenye sahani. Mola akupe macho yasiyochoka kutazama, na mikono yako akuachie yote miwili, uzeeke nayo.