Ukuta wa Monja

Coloma Triay alikuwa na kichwa kigumu, na kijiji kizima cha Es Migjorn, kisiwani kwetu, kilijua. Kule kiwandani alikoshona viatu vya ngozi tangu usichana hadi kustaafu, wasimamizi walijifunza kumpisha mapema. Kwa hiyo siku aliposema atajenga ukuta wa mawe kwa mikono yake mwenyewe, ili kobe wa marehemu mama yake asitoroke tena, hakuna aliyejisumbua kumkataza. Walicheka tu, wakaenda zao.

Kobe mwenyewe alikuwa jike mnene, gamba lake la manjano na jeusi, na jina lake Monja, yaani sista wa kanisani. Mama alimwita hivyo kwa sababu kila baridi ikianza alijifungia chini ya ardhi asionane na mtu mpaka maua ya mlozi yapukutike. Mama alimpata akiwa bibi harusi, akamlea pamoja na binti zake wawili, na wako majirani wanaoapa kwamba kati ya hao watatu Monja ndiye aliyedekezwa kupita wote. Mama alipofariki, binti hawakugombea vyombo wala mashuka. Waligombea kobe.

Eulària, mkubwa, alitaka ampeleke kwake mjini Ciutadella, ghorofani, kwenye baraza la juu lenye vigae vinavyong'aa mpaka unaona haya kukanyaga. Coloma, aliyebaki katika nyumba ya mama na kuumwagia ua saruji ili afagie kirahisi, akasema kobe hahami. Walinuniana tangu mazishi hadi Pasaka. Mwisho Eulària akalegea, ila alilegea kwa shingo upande, na mtu aliyelegea kwa shingo upande hulala jicho moja wazi.

Sasa tazama mambo. Masika yale Monja akaanza utoro. Mwokaji mikate alimkuta kwenye ngazi za kanisa. Juma lililofuata akaokotwa uwanja wa mpira. Mara ya tatu alikutwa katikati ya barabara iendayo pwani, mbele ya gari la watalii, na yule mtalii alikuwa amepiga magoti akimpigia picha huku magari mengine yakipiga honi. Habari za kisiwani hazihitaji gazeti. Kabla Coloma hajamfuta Monja vumbi, simu ililia.

"We Coloma! Ni kweli nilivyosikia?"

"Inategemea umesikia nini, dada."

"Nimesikia kobe wa mama yetu karibu awe chapati barabarani!"

"Kwani amekuwa? Yuko hapa, anakula letusi."

"Usinifanyie utani. Shemeji yako alikuletea wavu wa kuku, umeufunga?"

"Nimeufunga. Anaupanda kama askari. Anafika juu, anaanguka chali, anapiga miguu hewani. Nikimgeuza, anaanza tena. Huyu akiona upande wa pili hatulii, dada. Anataka ukuta."

Eulària akasema polepole, kwa sauti ile aliyorithi kwa mama: "Sikiliza, mdogo wangu. Jumapili ya kabla ya sikukuu ya Sant Joan nakuja. Nikimkuta yuko ndani, ametulia, sitafungua mdomo tena maisha yangu yote. Nikimkuta nje, naondoka naye. Na hatutagombana, kwa sababu utakuwa umekubali. Umekubali?"

Coloma alimtazama Monja akitafuna, kijani kimemjaa mdomoni kama mtoto aliyejipaka uji. Tangu mama aondoke, huyu ndiye pekee wa kusemeshwa asubuhi. Nyumba bila yeye ingebaki na saa ya ukutani tu.

"Nimekubali," akasema.

Baba yao alikuwa mjenzi wa kuta za mawe matupu, zile zisizo na saruji wala udongo, zinazokatiza kisiwa chetu kila upande. Alijenga shamba hadi shamba mpaka vidole vyake vikakataa kunyooka. Binti zake aliwaruhusu kubeba maji na mkate tu. Jiwe, alisema, si kazi ya kike. Eulària aliridhika, akaolewa na mtu wa benki. Coloma hakuridhika, lakini alikaa kimya akatazama, na mtu akitazama miaka yote ya utoto wake, kuna kitu huingia hata kama mwenyewe hajui.

Nyuma ya nyumba, kwenye banda la nguruwe lililoanguka zamani, mawe yalikuwa tele. Coloma akavaa suruali ya marehemu mumewe, hapo hapo akachimba msingi wa kina ili Monja asipite chini, udongo akautupa upande wa nje unaotazama jua. Kisha akaanza: mawe makubwa chini, sura mbili za ukuta zikitazamana, vijiwe vya kushindilia katikati, na kila jiwe likikalia kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Jirani yake Tòfol, mzee mjane asiye na kazi ila kiti, akaleta kiti chake karibu.

"Jirani, hilo jiwe umelishika muda mrefu. Unalibatiza?"

"Jiwe ukishaliinua haliwekwi chini, Tòfol. Linatafutiwa mahali pake."

"Hata kama halina?"

"Lina. Hata wewe unapo pako, ila si hapa unaponisumbua."

Tòfol akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akarudi na chupa ya pombe ya jin, limau na barafu, akidai ni dawa ya mgongo wa fundi. Coloma alikunywa, akaweka mawe mawili ambayo asubuhi ilibidi ayatoe.

Lakini nisiwadanganye, mwanamke yule alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona kiwandani. Mikono ilichubuka, magoti yalilia, na bado aliamka kabla ya jogoo. Mchana alikula supu ya nyanya na tini akiwa amesimama, bakuli juu ya ukuta, asiweze kuuachia macho. Wapita njia walioanza kwa kucheka walikuwa sasa wanasimama. Mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akaenda. Coloma aliingia ndani, akalia kidogo jikoni, akanawa uso, akarudi kazini.

Ukuta ulipokamilika ulimfika magotini, na mawe ya juu yalichomoza kwa ndani ili Monja akipanda apate paa usoni. Coloma akampandia mimea anayoipenda, akamwekea sahani ya maji na kijumba cha kivuli. Monja akazunguka mara moja, akanusa mawe, akawa kama haoni cha kupanda wala cha kuchungulia. Akalala juani. Siku zile zote hakugusa ukuta. Coloma akampigia dada yake simu, akamwambia aje na njaa, si na kisanduku.

Eulària akaja na kisanduku.

Alishuka garini amevaa nguo ya kanisani, kisanduku chenye matundu ya hewa kwapani, akambusu mdogo wake mashavu yote mawili, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alipouona ukuta akasimama. Alitaka kusema neno zuri, ilionekana wazi, lakini akalimeza.

"Yuko wapi?"

"Kwenye kijumba."

Hakuwepo kwenye kijumba. Hakuwepo kwenye majani wala nyuma ya sahani. Coloma akaingia ndani ya uzio, akapekua kila kichaka. Eulària akazunguka kwa nje polepole, kisha akainama.

"Coloma. Hili tundu ni la nini?"

"Tundu gani?"

"Hili hapa chini. Linamtosha paka."

Jibu lilikuwa aibu tupu. Lilikuwa tundu la maji. Mahali ardhi inapoteremka, ukuta huachiwa njia ya mvua upande wa chini, la sivyo maji hujikusanya yakausukuma ukaanguka. Baba hakuwahi kujenga ukuta bila tundu hilo. Na yeye, binti wa babake, mikono yake iliacha tundu zuri kabisa, lenye jiwe bapa juu yake kama mlango wa nyumba, bila kichwa kuulizwa. Alilijenga kwa fahari na hata akalifagia.

"Ni la maji," akasema.

"La maji." Eulària akamtazama. "Umejenga gereza, halafu ukamwachia mfungwa mlango."

Kutoka kwenye kiti chake Tòfol akapiga kelele, "Na mimi nililiona! Nikafikiri ni la hewa!"

"Ungesema, mzee wewe!"

"Kwani ulikuwa unaambilika?"

Hakuna aliyecheka. Coloma alikaa juu ya ukuta wake, mikono mapajani, na akaona kila kitu kilivyo: Monja yuko barabarani, au chini ya gari, au akiwa na bahati yuko njiani kwenda kwenye vigae vya Ciutadella. Ahadi ni deni, na alikuwa ameahidi. "Mchukue, dada," akasema. "Tukimpata, mchukue. Mimi siwezi kumlinda."

Eulària alikuwa amengoja neno hilo tangu mazishi. Ajabu ni kwamba lilipokuja halikumpendeza. Akaweka kisanduku chini, akasema, "Kwanza tumtafute," akaanza kufuata ukuta kwa nje. Alipofika upande wa jua akainua mkono kama mtu anayesimamisha msafara.

"Njoo. Njoo taratibu. Usikohoe."

Monja hakuwa amekwenda popote. Alikuwa pale pale, mgongo kwa ukuta, juu ya ule udongo laini uliotupwa kutoka msingini, mahali mawe yalikuwa yamepata moto wa asubuhi nzima. Miguu yake ya nyuma ilikuwa ndani ya shimo. Alichota udongo kwa mguu mmoja, akauweka kando, akapumzika, akachota kwa mwingine, kwa makini ya mtu anayechota unga wa mwisho. Kisha akatulia, akanyoosha shingo, na yai jeupe likadondoka shimoni. Dada wawili wakashikana mikono bila kujua nani amemshika mwenzake. Likaja la pili, na jingine tena.

"Mama wee," Eulària akanong'ona, machozi yanamtoka waziwazi. "Alikuwa hatoroki. Alikuwa anatafuta udongo laini. Na wewe uani umemjazia saruji."

"Na wewe kwako vigae."

"Na mimi vigae. Angetaga wapi kwangu, kwenye chungu cha basili?"

Walichuchumaa pale mpaka Monja akafukia shimo, akalishindilia kwa tumbo, akaondoka bila kugeuka nyuma, na kupitia tundu lile lile la maji akarudi ndani kwake kulala. Tòfol, aliyekuwa amesogea na kiti mkononi, akavua kofia.

Eulària akasimama, akapangusa magoti ya nguo yake ya kanisani, akautazama ukuta, akautazama udongo.

"Huku lazima kuwe ndani," akasema. "Ukuta itabidi usogee mpaka hapa."

"Dada, mgongo wangu umekwisha."

"Nani kakuambia utajenga peke yako?"

"Na nguo hiyo?"

"Nipe suruali."

Supu ikapoa mezani. Coloma akatafuta suruali nyingine ya marehemu, akamfunga dada yake kamba kiunoni, akamwonyesha jinsi ya kuligeuza jiwe mpaka lipate uso wake. Eulària akaligeuza, akalaumu, akaligeuza tena, kucha ya rangi ikakatika, akatukana neno ambalo Tòfol alidai hajapata kulisikia. Hatimaye akaliweka. Akalibonyeza kwa kiganja, mara ya kwanza kwa woga, kisha kwa uzito wake wote, mwanamke wa miaka sabini aliyekuwa hajawahi kuweka jiwe juu ya jiwe.

"Coloma!" akapiga kelele, kijiji kizima kikasikia. "Coloma, halitikisiki!"