Magurudumu na Kiwanja cha Kesi

Asubuhi ya hukumu, fundi Magurudumu alifunga vifungo vya shati akavikosea, akafungua, akavikosea tena. Mkewe akamwambia, "Baba wee, kaa kitako unywe chai. Jaji hatakimbia." Akakaa, akainuka, akaimwaga chai. Kutulia kulikuwa kumemshinda tangu kiwanja chake kiingie mahakamani, na msimcheke, maana mimi ningekuwa yeye ningeshatafuna meza.

Kiwanja alikinunua kihalali, kwa jasho la ujana wake, akapewa hati na ofisi ya ardhi. Kumbe ofisi ileile ilishampa hati ya palepale bwana mwingine, ambaye sasa ni marehemu na ameacha mjane. Mjane akashtaki. Mahakama ikaweka zuio: asijenge mtu kitu cha kudumu hadi hukumu itoke. Magurudumu, mtiifu wa sheria, hakumwaga hata ndoo moja ya zege. Karakana yake ikawa mabati juu ya mchanga, na mashine zote, hata ile kubwa ya kukereza vyuma, akazifunga magurudumu ili siku akiambiwa toka, asukume aende zake. Ndipo jina likamganda.

Sasa, mashine ya kukereza isipofungwa kwenye zege hutetemeka, na ikitetemeka, shafti, ule mhimili unaozungusha kinu, hutoka na kilema. Basi wenye vinu vya kusaga wakawa wanapeleka shafti zao mji wa mbali, na bei ya unga ikapanda, huku fundi hodari yupo hapahapa anachomelea mageti! Benki zikimwona zinageuza uso. Umeme wa viwandani? "Kesi iishe kwanza, mzee." Majirani nao wakaingiwa na hofu kwamba hata hati zao huenda zina pacha, mtaa mzima ukabaki mabati. Mtu aliyekalia kuti kavu utamwambia ajenge ghorofa?

Hayo yote aliyameza. Kilichomnyima usingizi ni binti yake. Binti alisomea mitambo, ana mkono mzuri kuliko baba, na alikuwa amepata kazi kiwandani, nchi ya mbali. "Baba," alimwambia, "mimi nataka kufanya kazi na wewe. Lakini siwezi kuzeeka nikichomelea mageti. Hukumu ikitoka, nabaki. Ikipigwa kalenda tena, naondoka." Gari lake lilikuwa linaondoka mchana wa siku hiyohiyo.

Mahakamani akakaa kwenye benchi lilelile, na mjane pembeni yake, wamepeana migongo. Ndivyo walivyokaa miaka yote. Mawakili wao waliwakataza kabisa kusemezana, wasije wakaharibu kesi, nao wakatii kama watoto wa shule. Magurudumu alikijua kikohozi cha yule mama, alijua hata goti linalomsumbua, lakini hawajawahi kupeana hata salamu.

Karani akatoka. "Jaji amehamishwa. Akija mwingine, kesi itasikilizwa upya."

"Upya?" Magurudumu akaruka. "Upya kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanzo, mzee. Jaji mpya hakuwasikia mashahidi."

"Shahidi wangu amekufa! Nikamfukue?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye alikuwa anazunguka ukumbini, mikono kichwani, akiitazama saa ya ukutani kila anapogeuka. Hasira ikamsukuma hadi mbele ya mjane. "Na wewe mama! Kiwanja chote kile unakitakia nini?"

Mjane akamtazama juu mpaka chini. "Nani kasema nakitaka chote? Mimi nataka pale barabarani tu, nifungue duka. Huko nyuma nani atakuja kununua?"

Fundi akaishusha mikono kichwani. Yeye alipataka hukohuko nyuma, mashine zisile vumbi la barabara.

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Lo! Watu wazima na akili zao, wamekaa benchi moja miaka yote, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa kitu ambacho mwenzake hata hakitaki! Walicheka mpaka mjane akashika mbavu, kisha wakamkimbilia karani: tumepatana, andika, tugawie.

Karani akakuna kichwa. "Hongereni sana. Lakini zuio liliwekwa na jaji, na anayeliondoa ni jaji. Na jaji hatuna."

"Atakuja lini?" mjane akauliza.

"Hilo hata mimi sijui, mama."

Magurudumu akatoka nje, akapiga simu. Kelele za stendi zikamwingia sikioni kabla ya sauti ya binti. "Baba! Hukumu imetoka? Kondakta ananiita hapa. Nipande, nisipande?"

Alikuwa na habari njema mdomoni, tena ya kweli: wamepatana. Kwa neno hilo tu binti angeshusha begi, angerudi nyumbani amsubiri jaji pamoja naye. Roho ilimwambia sema. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilikuwa limeumia vya kutosha. Hakutaka la mtoto nalo liumie.

"Haijatoka," akasema. "Panda, mwanangu."

"Baba, unalia?"

"Panda, gari lisikuache."

Simu ikakatika. Mjane alikuwa amesimama nyuma yake, mkono gotini. "Alikuwa nani?"

"Binti yangu," alisema Magurudumu. "Ndiye niliyekuwa namtakia kile kiwanja."