Laini Moja, Wapokeaji Wawili

Ofisi yetu ya kununulia korosho, pale Palma, kusini mwa Ruvuma, ilikuwa na laini moja ya simu na wapokeaji wawili: mimi, na kompyuta ya Unix iliyofungiwa chumbani kwa chefe, mkuu wetu. Kompyuta ilikuwa na modemu, kifaa cha kuzungumza na kompyuta nyingine kwa simu. Ikitaka kupiga ofisi kuu, mjini Pemba, si kile kisiwa, kupeleka hesabu, iliweka kwanza alama kwamba laini ina mtu, kama ndara mlangoni mwa choo, na ile programu ya kungojea simu zinazoingia ikakaa kando. Mpaka hapo hatukuwa na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa kwenye simu zinazoingia. Nani apokee? Fundi aliyeletwa kuifunga akaweka kanuni. Simu ikilia mfululizo, ni ya binadamu, mashine iiache. Ikilia mara moja ikakatika, kisha ikalia tena papo hapo, ni kompyuta ya Pemba inaita, modemu ipokee. Alijisifu sana. Sikumbishia, nilikuwa na kazi zangu.

Kumbe hivyo ndivyo sisi tunavyopigiana. Unabipu kwanza ili mtu asogee karibu, ndipo unapiga. Na bipu haipokelewi, ukiipokea umemlia mwenzio hela.

Msimu ule mama alikuwa hospitali, Mtwara, akiuguzwa na dada yangu mkubwa. Mama alikuwa na uvimbe wa koo. Daktari alisema atapona, ila sauti huenda isirudi. Dada akaniagizia kwa mtu aliyevuka Ruvuma: asubuhi ya upasuaji watapiga, mama anataka kusema nami. Nami nilitaka kuisikia ile sauti, basi. Nilikaa jirani na simu tangu tulipofungua.

Ikalia mara moja, ikakatika. Nikajua ni dada, nikaacha. Ikalia tena, na kabla mkono wangu haujafika, modemu imeshapokea kule ndani. Nikainua simu, nikakuta mlio mtupu, kama mtu anakwaruza ukoko sufuriani. Nikaita mama, nikaita tena. Ikakatika. Chefe alikuwa safarini Olumbi na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwake.

Dada akapiga tena, na kwa adabu zake akabipu kwanza. Safari hii niliidaka bipu yenyewe, lakini alishakata. Iliyofuata ikachukuliwa na mashine. Hawakupiga tena, nesi alishakuja kumchukua mama.

Nilikasirika, sifichi. Ila hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwendea.

Mama alipona. Sauti haikurudi. Mpaka leo ananong'ona tu, hata akitaka chumvi lazima umsogelee. Siku moja tumekaa uani, dada anamenya muhogo, nikamuuliza mama asubuhi ile alitaka kuniambia nini. Akanishika bega, akanivuta karibu.

"Nilishasema," akanong'ona. "Si ulipokea?"