Jicho la Akiba

Shemeji yangu fundi saa alikuwa na macho mawili kama watu wote, ila alilihesabu moja tu. La kulia ndilo lililovaa ile lenzi ndogo nyeusi ya kazi. La kushoto alilifumba kuanzia asubuhi mpaka jioni, miaka thelathini na minne. Akilifumbua wakati wa chakula alisema, "Hili la akiba, shemeji. Lile likichoka, hili lipo."

Tulikuwa chumba kimoja cha kazi, yeye na meza yake dirishani, mimi mlangoni nikibadilisha zipu za mabegi na suruali. Amemwoa dada yangu, kwa hiyo utani ulikuwa haki yetu. Yeye aliniita bibi daktari wa mabegi, mimi nikamwita Jicho Moja. Jina hilo nalijutia mpaka leo.

Wateja walimwogopa kidogo. Ukimletea saa iliyoingia maji wiki mbili nyuma, alikuonyesha kutu kwa ncha ya kibanio na kukusomea risala. "Maji yaliingia lini? Ungeileta siku ileile ningeikausha. Sasa umeniletea maiti."

Basi, mtoto wa jicho alianzia kushoto. Mboni ikaingia ukungu, mwisho ikawa nyeupe. Mtu mwingine angeshtuka, lakini yeye jicho hilo kazini lilikuwa likizo. Hospitali walimwambia huyo mtoto atolewe, akarudi anasema atamwacha akomae kwanza, maana amesikia mtoto wa jicho hutolewa akishaiva. Amesikia kwa nani? Kwa watu. Hao watu siku ya shida sikumwona hata mmoja.

Jumatatu moja alikuja jicho jekundu, kichwa kinamgonga, akaniambia taa ya mezani imezungukwa na duara za rangi. Saa nne akatapika kwenye ndoo.

"Twende hospitali," nikasema.

"Linaiva hilo, shemeji. Likimaliza kuiva nitakwenda."

Akameza vidonge vya maumivu, akarudi kwenye saa za ukutani ishirini na sita za ofisi moja zilizokuwa zinamsubiri. Nilimsema Jumatano, nikamsema Ijumaa, dada naye akamsema nyumbani kila siku. Ukweli ni kwamba na mimi nilimwamini nusu, kwa sababu mtu aliyezoea kurekebisha vitu vidogo hivyo unadhani anajua. Siku ya kumi na moja alilaza kipaji cha uso juu ya meza katikati ya skrubu, asiweze kukiinua. Nikafunga chumba na kumkokota.

Daktari alikuwa binti mpole. Alitueleza kwamba mtoto wa jicho alikuwa amevimba akaziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho hupitia kutoka. Maji yakakosa pa kwenda, presha ikapanda, ikawa inaukandamiza mshipa wa kuona. Wakaishusha kwa dawa, na kesho yake wakamtoa huyo mtoto na kuweka lenzi mpya. Maumivu yakaisha. Shemeji akalala usingizi ambao hakuupata kwa siku kumi na moja, nami nikampigia dada kumwambia tumepona.

Bandeji ilipotolewa, daktari alimziba jicho la kulia na kuinua mkono.

"Vidole vingapi, mzee?"

Shemeji aligeuza uso huku na huku. "Naona kuna dirisha," akasema. "Vidole sivioni."

Nikapandwa na hasira. "Kwani mmemfanyia nini?"

"Operesheni imekwenda vizuri, mama. Lenzi iko mahali pake na presha imeshuka. Ila mshipa umeshaumia, na mshipa hatuna wa kubadilisha."

"Ningekuja Jumatatu ile?" shemeji akauliza.

"Siwezi kuapa. Lakini ungekuwa na nafasi kubwa. Kila siku iliyopita iliipunguza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayekubaliana na fundi mwenzake. Kisha akanigeukia. "Nimewaletea maiti, shemeji." Nikalia palepale, wala sikuona haya.

La kulia nalo lilikuwa na ukungu wake mchanga. Daktari alipompa tarehe ya kuutoa, mtu aliyesubiri mwaka mzima jicho liive aliuliza kama hakuna ya karibu zaidi. Ukatolewa, jicho likapona. Siku aliyorudi kazini alichukua begi nililoshona, akalitazama, akasema kumbe miaka yote hii napindisha zipu. Nilifurahi kutukanwa.

Ila kazini halifumbi tena la kushoto. Linaona dirisha tu, na analiacha wazi.

Wiki iliyopita aliingia mama mmoja muuza vitambaa na saa ya mkononi iliyosimama. Kwa mkono mmoja alikuwa amefunika jicho. Shemeji alipokea saa, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Hilo jicho limeanza kuuma lini?"

"Juzi jioni. Litapoa tu, baba. Wanasema mtoto wa jicho huuma akikaribia kuiva."

Shemeji alivua lenzi, akainuka, akachukua koti lake.

"Saa yangu je?" mama akauliza.

"Saa itanisubiri mwaka mzima na bado nitaitengeneza," akasema. "Shemeji, nifungie meza. Twende, mama. Ni siku mbili tu, bado tunawahi."