Jicho la Shangazi na Nyota ya Suheli

Shangazi yangu amekuwa akikaanga mahamri mlangoni kwake Kaloleni, hapa Voi, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia. La kushoto lilibaki na ukungu wake, na daktari akamwambia arudi nalo. Akakataa. Alidai jicho jipya linamwonyesha weupe mtupu. Kisha mafuta ya moto yakamwunguza mkono wa kushoto, upande ule asiouona, nami nikaamua kwamba sitamwacha mpaka arudi kwa daktari.

"Mwanisumbua," akasema, mkono umefungwa bendeji. "Haya, nionyeshe Suheli. Mama alinionyesha nikiwa mdogo, na miaka hii imenipotea. Nikiiona kwa jicho hili mlilonitengenezea, nitakwenda kwa la pili. Nisipoiona, mniache."

Nikakubali papo hapo, bila kufikiria ni mwezi gani. Ilikuwa Desemba.

Kwa asiyeijua, Suheli ni nyota kubwa ya upande wa kusini. Kati ya nyota zote za usiku, ni moja tu inayoishinda kwa mwangaza. Lakini haionekani wakati wowote upendao. Julai utaikuta alfajiri, kusini mashariki, ukiwa na bahati ya kukosa mawingu. Februari huwa juu kabisa saa tatu usiku. Kufikia Mei, giza linapoingia, imekwisha kuanza kuteremka kusini magharibi. Mwanzoni mwa Desemba huchomoza baada ya Isha, na sisi wa Voi tuna kizuizi kingine: mlima wa Sagalla umekaa upande huohuo, kwa hiyo nyota hukawia nyuma ya mlima kabla hatujaiona. Na shangazi, akishaswali Isha, hulala. Alfajiri unga unamngoja.

Jioni ya kwanza tulikaa nyuma ya nyumba, tukiipa mgongo mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaani. Tuliona mlima mweusi na mawingu ya vuli. Shangazi akainuka.

"Nyota yako ni kama fundi cherehani. Kila siku kesho."

"Si yangu, shangazi, ni yako. Na haikawii, inawahi. Kila siku inachomoza mapema kidogo kuliko jana. Mwezi mzima ukipita, itakuwa imewahi kwa kama saa mbili. Huna haja ya kuikesha. Itakufuata yenyewe kabla ya Isha."

"Itanifuata mimi?"

"Wewe na mahamri yako."

Alicheka, lakini hakulegeza masharti. Nami sikulegea. Kila jioni nilipotoka kazini nilipita kwake, nikatazama mlima, nikamwambia hali ilivyo. Wakati mwingine mawingu, wakati mwingine vumbi. Wateja wakaanza kuniuliza kama namchumbia mtu Sagalla.

Januari anga ikatakata. Jioni moja, Magharibi imeswaliwa na giza limeshika, nilimwekea kiti palepale. Kabla sijasema neno akanyoosha kidole.

"Ile! Nimeiona. Loo, Suheli!"

Nilifuata kidole chake. Kilielekea ubavuni mwa mlima, kwenye taa ya nyumba ya watu ambao bila shaka walikuwa wameingiziwa stima juzijuzi. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini kama angekwenda hospitali kwa uongo wangu, siku akiugundua asingeniamini tena kwa lolote, hata kwa dawa ya matone.

"Hiyo ni balbu, shangazi."

"Balbu ya nani?"

"Ya mtu. Nyota haikai chini ya kilele cha mlima. Sasa inua uso, tazama mashariki. Kuna nyeupe kali kupita zote, waiona? Hiyo ndiyo inayoishinda Suheli. Sogea kulia kwake, pole pole, uje upande wa mlima. Usishuke mpaka kwenye balbu. Juu yake, peke yake."

Akageuza uso kulia, kidogo kidogo.

"Ile inayotetemeka kidogo?"

"Hiyohiyo."

Hakupiga kelele safari hii. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa muda. Kisha akafunika la kulia.

"Hamna kitu," akasema. Akafunua, akatazama, akafunika tena. "Imeondoka. Hata balbu ya yule mtu imeondoka."

Nilijizuia nisimwambie "nilikwambia". Mwadhini wa msikiti wa mtaani akaanza kuadhini, shangazi akashika goti kujiinua.

"Daktari huyo hukaa siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi sikaangi. Wewe uje mapema, na usinishike mkono njiani kama mgonjwa. Nitatembea mwenyewe."