Shemeji wa Mawimbi, Popote Alipo

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Kiswahili hiki unachosoma nilifundishwa na redio, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilipokuwa nasukuma mkokoteni wa maji pale Manyatta, redio yangu ndogo ilining'inia kwenye mpini. Wenzangu walisikiliza njaa, mimi nikasikiliza taarifa ya habari. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Nyamasaria na nyumba za kupangisha ambazo huwezi kupita barabara ya Nairobi usizione. Nilizipaka rangi ya machungwa makusudi. Na redio ingali pale kaunta, haizimwi.

Vijana wakija kununua misumari hucheka. "Mzee, hii stesheni ya serikali bado iko? Nani huiskiza?" Hapo nami huwauliza kama mto umevunja kingo huko Kano. Hawajui. Wanajua nani ameachana na nani Nairobi. Kidole chao kinachakura kioo cha simu mchana kutwa kama kuku jaani, na kama kuku, wakimaliza hawakumbuki walichokula.

Basi ungefikiri binti yangu ni tofauti, maana nimempeleka chuo kikuu asomee uandishi wa habari. Hana redio. Siku moja nilimuuliza atasomaje kazi ya upishi bila kuonja chakula.

"Baba, siku hizi hakuna mtu anakaa kungojea habari," akanijibu. "Kama ni muhimu, itanitafuta."

"Na isipokupata?"

"Basi haikuwa muhimu."

Ndiyo elimu hiyo. Nililipia.

Kisha mama yetu akafariki, nyumbani Ahero, amekula chumvi ya kutosha. Shida haikuwa jeneza wala hema wala ng'ombe. Hayo kwangu ni mambo madogo, watu walikula wakasaza. Shida ilikuwa kaka yangu. Sisi ni wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa pili, na kwetu udongo wa kwanza kwenye kaburi la mama hutupwa na mkono wa mwana wa kwanza. Mdogo akimtangulia mkubwa, wazee wana neno lake: chira, laana ya kuruka zamu, inayomfuata mtu mpaka kwa watoto wake. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini waliocheka chira nimewazika wengi, na sikutaka wangu wajaribu.

Kaka alifuata omena, wale dagaa wa ziwa, visiwani zamani, akawa anahama na samaki, ufuo huu leo, ule kesho. Simu ya mwisho niliyomnunulia ilianguka ziwani, akasema afadhali ngege, samaki wa humo, waongee wao.

Vijana wa ukoo wakajifanya kamati. Mwenyekiti alikuwa mwana wa binamu yangu, kijana mwenye shahada na hana kazi. Wakatengeneza tangazo la simu: mawingu, njiwa, na picha ya mama iliyosuguliwa mikunjo ikaisha, mpaka nikauliza huyu mwanamke ni nani.

"Anko, tulia," mwenyekiti akaniambia. "Tumeitupa kila group. Kufika jioni Kenya nzima itajua."

Kweli, Kenya nzima ilijua. Hata Qatar walituma nyuso zinazolia machozi ya buluu. Akanionyesha hesabu ya walioitazama, ametabasamu kama amepata kazi.

"Kaka yangu ni yupi hapo?" nikamuuliza.

Akaanza kushusha kidole. Nikamwacha akishusha.

Nikamwambia binti yangu aandike tangazo la kifo, lisomwe kwenye idhaa ya Kijaluo ya redio ya taifa. Akaandika huku amevuta mdomo. Nilipolisoma nikakuta amemtaja kaka kwa jina la kitambulisho, lile la ubatizo.

"Huko ziwani nani anamjua kwa jina la padri?" nikasema.

Maana ufuoni mtu hujulikana kwa sifa aliyojipa mwenyewe. Muziki ukipigwa, mtu husimama akajisifu mbele ya watu. Sisi huita pakruok. Msomi wetu hakuwa na habari. Kaka yangu husema ameoa binti wa ziwa, kwa hiyo hujiita Shemeji wa Mawimbi. Nikamwambia binti yangu aandike hivyo.

"Baba! Kwa redio? Hii ni matanga, watu watacheka."

"Wacheke. Anayecheka amesikia."

Nikalipeleka mwenyewe mjini. Mama aliyekaa kwenye dawati la matangazo alilisoma hadi mwisho, hakucheka, akauliza tu kama lirudiwe. Nikasema lirudiwe mpaka mazishi.

Siku ya kwanza tulilisikia sote dukani. Mtangazaji alisoma polepole, kama mtu anayebeba maji bila kumwaga: habari zimfikie mwana wa kwanza wa marehemu, yule anayejiita Shemeji wa Mawimbi, popote alipo. Vijana wakaangua kicheko. Mwenyekiti akashika mbavu. Nikaongeza sauti ya redio. Simu zao hutaka namba kwanza, jina, nywila. Redio haikuombi chochote. Ikisema popote alipo, ni popote.

Jumamosi ya mazishi ikafika, kaka hajafika. Jua lilikuwa kali, jeneza liko kando ya shimo. Nilimkonyeza padri arefushe mahubiri, naye hakuhitaji kubembelezwa. Hatimaye hata yeye akaishiwa.

"Anko, tupa tu wewe," mwenyekiti akaninong'oneza. "Watu wanaungua. Hizo ni vitu za kitambo."

Nikatia mikono mfukoni, nikaiacha huko.

Ndipo bodaboda ikaingia langoni, na nyuma yake mzee mwenye buti za mpira, ananuka omena mita kumi. Kaka. Alitueleza baadaye kwamba alikuwa anashona wavu ufuoni, mwanamke anayeanika omena ana redio yake kando, mara akapaza sauti ufuo mzima ukageuka: "Shemeji wa Mawimbi! Mama yako amekwenda, unaitwa nyumbani!" Wakamtafutia mtumbwi papo hapo.

Vijana wakainua simu zote. Mwenyekiti alitembea kinyumenyume akimpiga picha, nusura atangulie kaburini.

"Huyu anatafuta nini?" kaka akauliza.

"Mtandao," nikamjibu.

Jeneza likashushwa, kaka akachota udongo, akautupa. Kisha mimi nikatoa mikono mfukoni.

Jioni mwenyekiti alikuja mbio. "Anko, video ya buda na buti imeenda mbali! Imepita ile poster!" Neno redio halikutoka kinywani mwake. Ningeshangaa lingetoka.

Binti yangu alikaa karibu yangu akikunja kitambaa cha kichwa. Baadaye akauliza, sauti ya chini, "Baba, hayo matangazo ya vifo husomwa saa ngapi?"

"Usisumbuke," nikamwambia. "Kama ni muhimu, yatakutafuta."