Drayva Ambayo Haikuwepo

Sijamsamehe rafiki yangu, na tuelewane mapema kwamba sina mpango huo. Tulisoma kozi ya kompyuta pamoja Mwanza, tukikaa benchi moja na kugombea kibodi moja, na mwalimu akiruka somo, yeye ndiye aliyekuwa akinielewesha. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya watafiti wa dhahabu huko Geita. Mimi nikafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Nyasubi, Kahama. Kila alipopita Kahama alikula kwetu. Mama alimwita mwanangu, na nyama aliyomwekea ilikuwa ya mtoto wa nyumbani, si ya mgeni.

Kompyuta yangu niliipata mnadani, ilitoka kwenye mradi uliofungwa. Haikuwa na kadi ya sauti. Ilipowashwa ilitoa mlio mmoja mkavu, basi. Kwa barua za kuomba kazi ilinitosha kabisa, ila baba yangu alikuwa manju.

Kwa asiyetoka Usukumani, manju ni mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Baada ya mavuno, pande mbili hukutana uwanja mmoja, kila upande ukapiga ngoma yake kwa wakati uleule, na watazamaji wakakimbilia penye utamu. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Nyimbo za msimu hutungwa kwa siri, na nyingi ni za kumsema manju wa upande wa pili, aibu zake zote zikaanikwa juani. Akizisikia kabla ya siku yenyewe atakuja na majibu, na mtunzi atabaki hana kitu. Ndiyo maana baba alifanyia mazoezi porini na wachezaji wake, na nyumbani hakuimba hata akioga.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, sauti yake ilianza kukwama. Alihisi huenda huo ni msimu wake wa mwisho, na kaseti zake za zamani zilikuwa zimevutika mpaka anasikika kama mlevi. Nikamwambia sauti ikiingia kwenye kompyuta haichakai. Alifikiri siku mbili, akakubali kwa sharti moja, kwamba asisikie mtu yeyote kabla ya uwanja. Nikaapa. Tukafunga milango mchana kweupe, akaimba nyimbo sita mbele ya redio kaseti yangu.

Kilichobaki kilikuwa kuiingiza sauti ile kwenye kompyuta. Mzee wa Kihindi mwenye duka la redio pale mjini alikuwa na visanduku vidogo vya sauti, vya kuchomeka kwenye tundu la USB, alivyoletewa na shemeji yake kutoka Dubai. Nilichungulia nyuma ya kompyuta yangu, nikaliona tundu. Nikanunua.

Rafiki yangu alikuwa Kahama siku hiyo. Alikifungua kisanduku mwenyewe nyumbani tukisubiri chakula, akatoa karatasi za ndani, akasoma, akazikunja, akazitia mfukoni. Tulipokwenda kibandani tukachomeka. Kompyuta haikusema lolote, hata kulalamika haikulalamika.

"Inataka drayva," akasema. "Kompyuta na kifaa hawajuani lugha. Drayva ndiyo mkalimani wao. Hii itabidi niitafute ofisini, kwetu kuna intaneti."

"Itachukua muda?"

"Siku chache tu, dada. Nipe kisanduku nikakijaribie kule. Na kaseti pia, nikiipata drayva nihakikishe sauti inapita sawasawa."

Mama yake alitoka upande wa pili wa ngoma, na mjomba wake ndiye aliyekuwa manju wao. Nililijua hilo tangu zamani. Nilijiambia sisi tumesoma, mambo ya pande tumewaachia wazee. Nikampa kaseti, tena nikaifunga vizuri kwa nailoni isiingie vumbi la njiani.

Kwa wiki tano alinitumia vikaratasi kupitia makondakta wa basi. "Bado natafuta." "Drayva ya Windows yako ni adimu sana." "Vumilia, kuna mtu ameniahidi." Nilikuwa nikivisoma na kumwonea huruma, mtu wa watu anahangaika kwa ajili yangu. Siku kumi kabla ya ngoma, kisanduku na kaseti vikarudi na basi. Imeshindikana, aliandika. Pole dada.

Uwanjani mjomba wake aliwahi kuanza. Baba alikuwa na wimbo kuhusu namna bwana yule alivyojificha kwenye ghala la mtama wakati wa msako wa kodi. Kabla hajafungua kinywa, mjomba akaimba kwamba ndiyo, nilijificha ghalani, lakini nilipata shida ya nafasi maana manju mwenzangu alikuwa ameshalala humo. Watu walicheka mpaka wakashika magoti, wakahamia kule. Wimbo wa pili ukajibiwa hivyohivyo, na wa tatu. Alipofika wa nne baba hakuuimba. Alisimama na mgwisho wake, akawatazama wachezaji wake mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi.

Jumatatu nilimrudishia mzee wa Kihindi kisanduku chake. Kusema kweli nilikwenda kugomba. Aliuliza karatasi ya masharti iko wapi, nikasema sijawahi kuisoma. Akafungua kisanduku kingine kama kile, akatoa karatasi, akavaa miwani, tukaisoma wote wawili. Windows 98: haihitaji drayva, inayo yake ndani, itaomba tu sidii yake yenyewe. Windows 95: haihakikishwi. Windows NT: kifaa hakitafanya kazi.

"Yako inaandika nini ikiwaka?" akauliza.

Ilikuwa ikiandika NT. Niliyaona maandishi yale kila asubuhi, nikadhani ni pambo la kampuni, maana ikishawaka sura yake ni ileile ya 95 tuliyosomea Mwanza.

"Lakini tundu lipo," nikasema.

"Tundu lipo kwa aliyetengeneza mashine, dada. Windows yako haijui kama lipo."

Kompyuta za ofisini kwa rafiki yangu zilikuwa za 98. Niliwahi kuzitumia mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mashine yangu drayva haikuwepo duniani, na kwenye yake haikuhitajika. Wiki tano alikuwa akitafuta nini? Alichomeka siku ya kwanza, kaseti ikasikika, na jibu analijua tangu alipoikunja ile karatasi nyumbani kwetu, huku mama akimpakulia ugali.

Nilipanda basi mpaka Geita. Sikusalimia. Nilimwekea mezani karatasi niliyopewa dukani, naye hata hakuigusa.

"Mjomba ni mjomba, dada," alisema. "Ningezisikia halafu nikanyamaza, ningemtazama vipi?"

"Na mama yangu unamtazama vipi?"

Akasema nipunguze sauti, bosi yupo chumba cha pili. Nikaipandisha.

Nilirudi na ile karatasi kwa baba kama mtu anayepeleka hati ya ushindi mahakamani. Nikamkuta anasuka kamba uani. Nilimweleza yote kwa Kisukuma, na Kisukuma changu kilihangaika: mkalimani, tundu, Windows tatu zenye sura moja na akili tofauti. Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa NT. Nilimwambia tulivyodanganywa, na nani, na kwa muda gani. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kusuka.

"Nimeelewa, ng'wana wane," akasema. "Kaseti alipewa na nani?"

"Na mimi, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza, wala siku ile wala baadaye. Aliimba misimu miwili zaidi, na mara kadhaa nilipofika nyumbani bila taarifa nilimsikia nyuma ya nyumba akijaribu wimbo kwa sauti ya chini, mama akiwa karibu naye anapepeta mtama. Nikibisha hodi, alinyamaza katikati ya mstari, akasubiri mpaka niondoke.